Benki wanataka niseme kama mimi ni Mmarekani, nimezaliwa Houston lakini maisha yangu yote ni Mombasa

Dada shikamoo. Naandika usiku huu manake mchana nikiwa kazini sipati utulivu, na mume wangu nikimuelezea ananiambia niache kujitia presha, lakini jina lililoko kwenye zile karatasi ni langu si lake.

Nina miaka 33, naishi Kisauni, nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka 4. Marehemu babangu alikuwa mwanafunzi wa chuo Houston, Texas, mama akamfuata huko na mimi nikazaliwa huko mwaka 1991. Tulirudi nikiwa na miaka 3 na tangu hapo sijakanyaga Marekani. Kitambulisho changu ni cha Kenya, pasipoti ni ya Kenya, PIN ya KRA ninayo, PAYE inakatwa kila mwezi kabla mshahara haujanifikia. Cheti cha kuzaliwa cha Texas kimo kwenye sanduku la mama pamoja na picha za baba za mahafali, basi, hicho ndicho kitu pekee cha Marekani nilicho nacho.

Sasa mwaka jana mwezi wa nane mama aliuza shamba alilorithi kule Malindi akapata milioni 9. Macho yake hayaoni vizuri na mambo ya simu hayawezi, ikabidi tufungue akaunti ya pamoja, jina lake na langu, pesa tukaziweka fiksi. Kitambulisho changu kilikuwa kimepotea nasubiri kipya kwa hivyo nikafungulia kwa pasipoti, na kwenye pasipoti pameandikwa nimezaliwa Houston. Wiki mbili zilizopita nikapigiwa simu na dada mmoja wa branchi, njoo usaini fomu za FATCA. Nlivyoenda akanipa karatasi tatu, moja inauliza "wewe ni raia ama mkaazi wa Marekani" weka tiki, nyingine imeandikwa W-9 na nyingine W-8BEN, akasema yeye haruhusiwi kunishauri nijaze ipi, nina siku 30 nisipojibu wataizuia akaunti.

Kazini nikamuuliza jamaa mmoja ambaye pia aliwahi kupewa fomu hizo, akasema hakuna noma, jaza W-8BEN useme wewe si Mmarekani, yeye alifanya hivo na mambo yakaisha. Ami yangu naye anasema toa pesa zote, gawanya kwa akaunti za ndugu, kila mtu chini ya milioni 6, hawataziona. Halafu kuna mtu alinitumia voisi ya WhatsApp anasema ukishakubali wewe ni Mmarekani wanakukata asilimia 30 ya pesa zote zilizoko benki. Mama tangu asikie hiyo voisi halali, anaona shamba la babake limeliwa na serikali ya watu asiowajua.

Kando ya hiyo akaunti nina ya mshahara, mara nyingi haizidi laki 4, nina Sacco kama laki 6, na mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wamama 12, natia saini kwa akaunti ya chama. Mshahara wangu ni 140,000 na wikendi natengeneza keki za harusi, nikitoa gharama nabaki na kama 15,000 kwa mwezi. Nakwambia vyote usije ukanijibu nusu. Na kakangu mdogo, yeye kazaliwa hapahapa Mombasa ila anaishi na kufanya kazi Uingereza, naye kaletewa fomu na benki yake ya hapa, sasa tunashindwa kuelewa, yeye kosa lake nini? Na mtoto wangu je, naye ni Mmarekani? Nisaidie dadangu, siku zinakimbia.

Mzaliwa wa Houston, Mombasa

—

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikaa miaka mingi idara ya komplayansi kwenye benki, fomu kama zako zilipita mezani kwangu kwa mamia, na kitu kilichoniuma kila mara ni hichohicho, mteja anapewa karatasi ya kisheria ya nchi nyingine aisaini na hakuna anayemwambia maana yake. Huyo dada wa branchi usimchukie, kweli haruhusiwi kukushauri kodi. Lakini mimi saa hizi sina bosi.

Kwanza mwambie mama alale. Hiyo voisi ya asilimia 30 ni kitu cha kweli kilichopotoshwa. Hiyo 30 ipo kwenye sheria ya FATCA, inayozitaka benki za nje ziripoti akaunti za Wamarekani, ilipitishwa Marekani mwezi wa tatu 2010 na ikaanza kufanya kazi Julai 2014, na ni rungu la kuzitisha benki. Benki ya nje ikikataa kushirikiana, malipo fulani yanayotoka Marekani kwenda kwa hiyo benki, kama riba na gawio za huko, yanakatwa asilimia 30 yakiwa njiani. Ni pesa zenye chimbuko Marekani hizo. Shamba la Malindi lililouzwa kwa shilingi kwa mnunuzi wa hapa na likawekwa fiksi Mombasa halina chimbuko Marekani hata kidogo, hakuna mtu wa kuja kukata milioni 2 na laki 7 za mama.

Sasa kwa nini wewe, na kwa nini saa hizi. Benki zetu Kenya zimejisajili zenyewe kwa IRS, ile mamlaka ya kodi ya Marekani, kila moja ina namba yake inaitwa GIIN, na zimekubali kuwatafuta wateja wenye dalili za Umarekani. Dalili zenyewe zinajulikana: umesema wewe ni raia ama mkaazi wa huko, umezaliwa huko, una anwani ya huko hata kama ni sanduku la posta, una namba ya simu ya huko, umeweka oda ya kudumu ya kutuma pesa akaunti ya huko, ama umempa mtu mwenye anwani ya huko idhini ya kutia saini kwa akaunti yako. Mfumo ukiona moja tu unapiga kengele. Wewe pasipoti yako imesema Houston. Ungefungulia kwa kitambulisho pengine wasingeona siku hiyo, lakini hapo hujaharibu kitu, umetoa hati ya kweli.

Tena kuna kiwango. Akaunti za amana za mtu binafsi ambazo jumla yake mwisho wa mwaka haizidi dola 50,000 benki inaruhusiwa kuziacha, na dola 50,000 kwa rate ya karibu 129 ni kama milioni 6 na laki 4 na nusu. Ndio maana ami yako ana hiyo namba ya milioni 6 kichwani, kaisikia mahali. Akaunti yenu ina milioni 9, karibu dola 70,000, na kwenye akaunti ya pamoja hawagawanyi nusu kwa nusu, kila mwenye jina anahesabiwa kama anazo zote. Kwa hivyo ilivyofika tarehe 31 Disemba ikiwa juu ya kiwango, kompyuta ikakutoa.

Haya, swali lako kubwa, wewe ni Mmarekani ama si Mmarekani. Dadangu, wewe ni Mmarekani. Najua hutaki kulisikia hilo. Katiba yao, marekebisho ya 14, inasema aliyezaliwa kwenye ardhi yao na yuko chini ya sheria zao ni raia, na watoto wa wanafunzi wamo. Wanaotolewa ni kama watoto wa mabalozi wenye kinga kamili, babako alikuwa mwanafunzi tu. Hauhitaji pasipoti yao kuwa raia wao, pasipoti ni ushahidi wa uraia na kuikosa hakuuondoi. Umekuwa raia wao miaka 33 bila kujua, na hauko peke yako, Ulaya wapo wengi mpaka wameunda vyama vya kulalamika. Boris Johnson aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza alizaliwa New York, akaondoka akiwa mtoto, na alivyouza nyumba yake London Marekani ikamdai kodi ya ile faida, akapinga hadharani, mwishowe akalipa, na 2016 akauvua uraia wao. Mtu wa cheo kile hakuponyoka kwa kusema mimi niliondoka mdogo.

Kwa hivyo W-8BEN usiisaini. Hapa nakushika mkono kabisa. Hiyo fomu chini yake ina kiapo, unatangaza kwamba wewe si mtu wa Marekani na unakubali adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo. Mpaka leo kosa lako ni la kutojua, na wao wenyewe wana njia ya kulisamehe kosa la kutojua kama nitakavyokueleza. Ukisaini ile karatasi huku cheti cha Texas kimo sandukuni na pasipoti yako imeandikwa Houston na iko kwenye faili la benki, kutojua kumekwisha, na mlango wa msamaha unaufunga mwenyewe. Huyo jamaa wa kazini hajakudanganya, yake ni tofauti. Muulize alizaliwa wapi. Nimewaona wengi wa aina yake, mtu kazaliwa Voi, alisoma huko nje akarudi na laini ya simu inayoanza +1 bado iko kwenye faili lake, na hata si lazima iwe ya Marekani, Kanada nao wanatumia +1 hiyohiyo. Kwa mtu kama huyo W-8BEN pamoja na pasipoti ya Kenya ndiyo jibu sahihi na mambo yanaisha kweli. Yeye alisema ukweli wake, na wewe sema wako.

Kuna kundi jingine nalitaja haraka manake najua watasoma hapa, waliopata grinikadi kwa ile bahati nasibu ya viza wakarudi nyumbani kadi ikaisha muda wakadhani basi. Kadi kuisha muda hakukutoi kwenye kodi. Mpaka ujaze fomu I-407 ya kuirudisha, ama serikali yao ama mahakama iifute, kwa IRS wewe bado ni mkaazi wao.

Ushauri wa ami yako pia ukatae kwa heshima. Yeye anaona anawalinda, lakini akaunti iliyofungwa bado inaripotiwa kwa mwaka iliyofungwa, na pesa iliyokatwakatwa wiki mbili baada ya barua ya benki kwenda kwa watu 5, kila mmoja chini ya kiwango, ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa kukitafuta. Hapo itakuwa si FATCA tena, itaandikwa kama muamala wa kutiliwa shaka. Jibu barua kwanza. Halafu, ukishajibu, kama pesa ni za mama na nyinyi wote mnakubali hivo, hakuna ubaya akaunti ikabadilishwa ikawa ya mama peke yake na wewe ukabaki mtia saini kwa idhini yake, hayo ni mambo ya kweli yakiandikwa ukweli. Mkataba wa mauzo ya shamba, barua ya wakili, risiti ya benki ya siku pesa ilipoingia, vitoe kopi uweke faili moja, manake siku ukiulizwa riba ya fiksi ni ya nani unataka karatasi ziseme ni ya mama. Riba ikiwa ya mama si kipato chako.

Sasa nenda branchi kabla siku 30 hazijaisha. Ile fomu ya tiki, kwenye uraia weka ndiyo, Marekani. Utaona chini ama ukurasa wa pili kuna sehemu nyingine inauliza ni mkaazi wa nchi gani kwa ajili ya kodi, watu wengi huichanganya na ile ya juu. Hiyo ni ya CRS, mfumo mwingine wa nchi kupeana taarifa za akaunti uliotungwa na OECD, jumuiya ya nchi tajiri, na Marekani yenyewe haimo. Hapo wewe andika Kenya na namba yako ya PIN ya KRA, manake unaishi na kufanya kazi hapa. Na hapo ndipo jibu la kakako lilipo. CRS haijali umezaliwa wapi wala uraia gani, inauliza unaishi wapi kikodi. Kenya imeingia na kanuni zake zilianza 2023, kwa hivyo benki yake ya Mombasa itampeleka kwa KRA na KRA itapeleka kwa wenzao wa Uingereza jina lake, salio na riba, na kule hakuna msamaha wa dola 50,000 kwa akaunti za watu binafsi, hata akaunti ndogo inaripotiwa. Hajakosa kitu, ajaze tu ukweli kwamba anaishi Uingereza na namba yake ya kodi ya huko, na kama alikuwa anapata riba hapa bila kuitangaza kule aanze kuitangaza.

Turudi kwako. W-9 ndiyo fomu ya Mmarekani, inataka jina, anwani na namba ya kodi, na kwa raia wa Marekani namba hiyo ni ile ya Social Security, mfuko wao wa pensheni. Kabla hujasema huna, kaa na mama mfungue lile sanduku. Miaka ile ya 90 hospitali za huko zilikuwa zinawaombea watoto namba pamoja na cheti cha kuzaliwa, wazazi wanatumiwa kikadi kidogo cha karatasi chenye rangi ya buluu, na wazazi wengi walikihifadhi bila kujua ni cha nini. Kikiwepo umeokoa miezi. Kisipokuwepo, andikia ubalozi wao Nairobi uwaulize utaratibu wa kuomba, fomu ya walio nje inaitwa SS-5-FS, na kwa mtu mzima lazima usailiwe ana kwa ana. Wakati unasubiri, ipe benki barua kwamba umekubali uraia na umeomba namba, ambatanisha ushahidi wa maombi, omba muda uongezwe kwa maandishi. Benki nyingi zinampa muda mteja anayejibu. Yule anayekaa kimya ndiye wanamuweka kwenye kapu la waliokataa kushirikiana, na huyo hata kufungiwa akaunti anaweza.

Kitakachotumwa ni jina lako, anwani, namba yako, namba ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka na riba iliyoingia. Mara moja kwa mwaka. Hawatumi kwamba Jumanne ulitoa elfu 5 ukanunua unga. Na kuhusu uraia wa nchi mbili, katiba ya 2010 inakuruhusu, ila sheria yetu ya uraia inataka mwenye uraia wa pili autangaze, kwa hivyo nenda uhamiaji ukaulize, usiogope ukanyamaza.

Hayo ya benki yamekwisha, na yakikwisha hayo ndipo yanaanza ya IRS yenyewe, manake benki ikishatuma jina lako wao wataangalia kama umewahi kujaza ritani. Marekani inamtoza kodi raia wake popote alipo duniani, nchi nyingine inayojulikana kwa hilo ni Eritrea. Lakini kujaza na kulipa ni vitu viwili. Hebu tupige hesabu zako. 140,000 kwa mwezi ni kama dola 13,000 kwa mwaka. Kwa mwaka 2024 kiwango cha kipato ambacho hakitozwi kilikuwa dola 14,600, na juu ya hapo kuna fomu 2555 ambayo kwa mwaka huohuo ilimruhusu anayeishi nje kuondoa mpaka dola 126,500 za kipato cha jasho lake, na kama hutaki hiyo kuna 1116, unahesabiwa kodi uliyolipa KRA. Hatuna mkataba wa kodi na Marekani lakini hiyo 1116 haihitaji mkataba. Kwa hivyo kodi ya mshahara wako kwao ni sifuri. Ila kujaza lazima ujaze, na hapa kuna mtego, umeolewa na mtu asiye Mmarekani, kawaida utajaza kama mwanandoa anayejaza peke yake, na kwa hao ulazima wa kujaza unaanza kwa kipato cha dola 5. Dola tano tu, sijakosea.

Zile keki ndizo zitakazokugharimu na sitakuficha. Anayejiajiri akipata faida ya dola 400 kwa mwaka anadaiwa mchango wa Social Security wao pamoja na Medicare, bima yao ya afya ya wazee, jumla asilimia 15.3, na fomu 2555 haiuondoi, na Kenya haina makubaliano nao ya kuzuia mtu asichangie mara mbili. 15,000 kwa mwezi ni dola 1,400 kwa mwaka, kwa hivyo ni karibu dola 200 kila mwaka. Inauma kuchangia pensheni ya nchi usiyoishi, mimi naliona hilo kama dhulma kwa watu wa hali yako na sijui wabunge wao walikuwa wanamfikiria nani, ila ndivyo ilivyo na ni afadhali ulijue leo.

Halafu kuna FBAR, ripoti ya akaunti za nje, ambayo hata si ya IRS, inapelekwa kwa FinCEN, idara ya hazina yao inayofuatilia uhalifu wa fedha, kwa mtandao, bure. Siku yoyote ndani ya mwaka jumla ya akaunti zako zote za nje ikizidi dola 10,000, karibu milioni 1 na laki 3, unazitaja zote. Zote maana yake na ya mshahara, na Sacco, na ya pamoja na mama kwa kiasi chake chote, na ile ya chama. Naam, ya chama pia, wanahesabu akaunti unayotia saini hata kama pesa si zako. Hivyo basi inawezekana kabisa hata kabla shamba halijauzwa ulikuwa umeshapita kiwango kwa ajili ya pesa za wamama wenzako. Chukua stetimenti, angalia miaka 6 nyuma. Waambie na wenzako wa chama kwamba utaitaja hiyo akaunti, hawatatozwa chochote, lakini wasije wakasikia pembeni. Kama unaweza kukabidhi uhazina kwa mwingine ni vizuri, utapunguza karatasi.

Usizijaze kiholela za zamani ukazituma kimyakimya. Kuna njia imewekwa kwa watu kama wewe, wanaiita Streamlined, ya wanaoishi nje. Unajaza ritani za miaka 3 ya karibuni na FBAR za miaka 6, pamoja na fomu 14653 ambapo unaeleza kwa maneno yako kwa nini hukujaza. Kama kweli hukujua, kodi inayodaiwa unalipa na riba yake lakini faini hakuna. Nje ya njia hiyo faini ya FBAR hata kwa asiyekusudia inaweza kufika dola 10,000 kwa ripoti, na kiwango hicho cha juu hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kabla ya 2023 walikuwa wanataka kuhesabu kwa kila akaunti, mpaka mtu mmoja anaitwa Bittner, aliyekuwa akiishi Romania, akawafikisha mahakama ya juu kabisa akashinda, faini yake ikashuka kutoka dola milioni 2.72 mpaka 50,000. Kwenye ile 14653 andika hadithi yako kama ulivyoniandikia mimi, chuo cha baba, umri wa miaka 3, pasipoti, simu ya branchi, tarehe kwa tarehe. Usimpe mtu akuandikie maneno makubwa. Hesabu zenyewe ndizo umpe mtaalamu wa ritani za Marekani, na ukimpata muulize kabla ya yote kama amewahi kujaza Streamlined, manake aliyezoea za KRA tu atakupoteza. Na kama kuna siku ulikuwa unafikiria kuweka akiba kwenye MMF, ngoja kwanza umuulize, mifuko ya uwekezaji ya nje wao huiweka kwenye kundi linaloitwa PFIC lenye kodi nzito na fomu yake mwenyewe, 8621.

Ukiona uraia huu ni mzigo tu unaweza kuuvua ubalozini, na tangu 2019 kuna utaratibu wa nafuu wa kodi kwa wanaouvua wenye mali chini ya dola milioni 2 na deni dogo, na huo hata namba ya Social Security hauidai. Lakini ukiuvua haurudi, kaa na mume wako mfikirie mwaka mzima, isiwe kwa hasira za wiki hii.

Nimemuacha mtoto mwisho makusudi. Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi mmoja Mmarekani aliye kwenye ndoa anaurithi uraia ikiwa huyo mzazi aliishi Marekani miaka 5 kabla ya kuzaliwa mtoto, na miaka 2 kati ya hiyo iwe baada ya kufika umri wa 14. Wewe ulikaa 3 ukaondoka. Mtoto wako ni Mkenya, na benki ikikuuliza juu yake ndipo hapo W-8BEN ina mahali pake. Ila kama una akaunti ya akiba ya mtoto na wewe ndiye unayetia saini, iingize kwenye FBAR pamoja na zile nyingine.